Somo: Bufee ya dim sum, kwa sisi tunaoshuka Dar kutoka Kigoma

Ndugu zangu wa Kigoma, somo hili niliwaahidi tangu niliporudi kutoka harusi ya mdogo wangu. Wengi wetu tunashuka Dar kwa sababu moja au nyingine: mzigo wa duka, matibabu, shughuli ya familia, mtoto anaanza chuo. Ndugu wa mjini akiamua kukukirimu anakwambia, "Jumapili tunakwenda kwa Wachina, kuna bufee." Mnafika mahali pazuri, meza za duara, vitambaa vyeupe, vikapu vya mianzi vinafuka mvuke, na hujui uanzie wapi.

Mara ya kwanza nilianza na wali wa kukaanga kwa sababu ndio nilioufahamu. Nikaongeza na zile sambusa zao ndefu. Vikapu vilipoanza kuletwa mezani tumbo lilikuwa limeshajaa, na baba mdogo alikuwa ameshalipia watu sita. Iliniuma. Nilikwenda tena mara mbili baadaye, nikawauliza wahudumu, nikatazama familia za Kichina zinavyokula, na hapo ndipo nikaelewa nilipokosea: nilikuwa nakula kile kitu kama chakula cha mchana, kumbe ni chai.

Watu wa Guangdong, kusini mwa China, na jirani zao wa Hong Kong hawasemi "twende tukale dim sum". Wanasema yum cha, yaani kunywa chai. Zamani nyumba za chai ziliwapokea wasafiri na watu wa kazi. Wakakaa, wakanywa, na pembeni wakaletewa vitu vidogo vya kutafuna. Hivyo vitu vidogo ndivyo dim sum, maana yake kama "kugusa moyo". Sisi neno tunalo siku zote: vitafunwa. Ukishika hilo tu, kwamba mbele yako kuna chai na vitafunwa vyake, mengine yote yanajipanga.

Hatua ya kwanza: piga simu kabla ya kwenda

Dim sum ni ya asubuhi mpaka mchana, na bufee mara nyingi huwa mwisho wa wiki, kwa hiyo usifike saa kumi jioni ukategemea kuikuta. Uliza bei ya kila kichwa, uliza kama kodi na gharama ya huduma vimo ndani ya bei hiyo, uliza kama chai inahesabiwa peke yake, na watoto wanalipaje. Uliza pia kama chakula kinachobaki sahani kinatozwa, maana zipo hoteli zinazofanya hivyo. Kama huli nguruwe, swali hilo liulize kwenye simu hiyo hiyo, usingoje mpaka umeketi. Nitalirudia kwenye maswali.

Uliza na namna wanavyohudumia. Kuna mahali vyakula vinapangwa kwenye meza ndefu unajipakulia. Kuna mahali toroli linapita katikati ya meza unaonyesha kidole. Na kuna mahali unapewa karatasi yenye orodha, unaweka alama, wanakupikia wakati ule ule, unaagiza tena na tena kwa bei ile moja. Mimi napenda hii ya karatasi kuliko zote. Kitu cha mvuke kina uhai wa dakika chache; kikikaa mezani nusu saa kinakauka.

Hatua ya pili: nendeni watu wanne au zaidi

Kikapu kimoja kina vipande vitatu au vinne. Mkiwa wanne, kila mtu anaonja kimoja na mnahamia kikapu kingine. Ukienda peke yako, vikapu vinne vimekumaliza.

Halafu usishinde na njaa tangu jana yake ili "ule hela yako". Mwenye njaa kali hujaza cha kwanza anachokiona. Kunywa uji mwepesi asubuhi, nenda.

Hatua ya tatu: chai

Muhudumu atauliza chai gani kabla ya kitu kingine chochote. Haina maziwa, haina sukari, na tafadhali usiombe sukari kabla hujaonja. Zipo kama nne utakazokutana nazo sana. Pu'er ni nyeusi, nzito, imechachushwa na kuhifadhiwa, ina harufu ya udongo baada ya mvua. Hii inakwenda vizuri sana na vitu vya mafuta. Ya yasmini ni chai ya kijani iliyonukishwa maua, na watu wa Ujiji waliozoea manukato ya asumini watajisikia nyumbani. Tieguanyin iko katikati, si nyeusi si kijani. Na ipo ya maua ya krisanthemumu, ambayo haina majani ya chai kabisa. Mpe mtoto au mtu ambaye chai humnyima usingizi.

Birika likifika, usijimiminie wa kwanza. Anza na mkubwa wenu, zunguka, wewe uwe wa mwisho. Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, mara mbili tatu. Ndiyo asante yao, na inafaa sana maana mdomo umejaa na mazungumzo hayakatiki. Wazee wao husimulia kwamba mfalme Qianlong, wa karne ya 18, alitembea akijificha asijulikane, akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua, basi akakunja vidole mezani vimpigie magoti. Mara ya tatu nilipokwenda nilimmiminia mama mmoja wa Kichina tuliyekaa naye meza moja. Akagonga vidole bila hata kunitazama, anaendelea kuongea na mjukuu wake, nami nikajisikia nimepokelewa.

Maji yakiisha kwenye birika, usipunge mkono wala kuita. Funua kifuniko, kilaze upande kikae nusu wazi. Muhudumu akipita anaelewa, anaongeza maji ya moto juu ya majani yale yale.

Hatua ya nne: panga tumbo

Anza na vya mvuke vilivyo vyepesi. Wa kwanza awe har gow, tamka "ha gau". Ni kifurushi cha kamba wa baharini, na ndicho wenyewe hupimia mpishi. Ganda lake ni la wanga wa ngano, si unga wa chapati, ndiyo maana likiiva linapitisha mwanga na unamwona kamba ndani ana rangi ya waridi. Hesabu mikunjo ya mgongoni: fundi anakunja saba, na aliyebobea anapita kumi. Kinyanyue taratibu. Kikitoka kizima bila kuchanika, na ukiuma kamba akakatika kwa mlio mdogo, agizeni kikapu cha pili, jikoni kuna mtu. Kikigandia chini mpaka ganda linabaki kikapuni, kimekaa muda mrefu, ngojeni kipya.

Kinachofuata ni siu mai, tamka kama kinavyoandikwa, kikombe kidogo kilicho wazi juu, ganda la njano, kwa kawaida nyama ya nguruwe na kamba. Halafu cheung fun, utandu mpana wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, laini, umekunjwa na nyama au kamba, unamwagiwa sosi ya soya yenye utamu. Hiki ndicho nilichokikosa siku ile kwa sababu ya wali, na sitaki mtu wa Kigoma akikose.

Baada ya hapo ndipo vizito, kwa kiasi. Bao ni andazi jeupe la mvuke lenye nyama ndani. Bandua karatasi ya chini kabla ya kula, wageni wengi huitafuna. Lo mai gai ni wali wa kunata na kuku, umefungwa kwenye jani la yungiyungi. Jani haliliwi, kazi yake ni harufu. Gawaneni kimoja watu wanne.

Vya kukaanga viweke mwisho wa vyenye chumvi, maana mafuta hushibisha haraka na kuua ladha ya vilivyo vyepesi. Hapo nawaombeni mtafute wu gok. Ni magimbi! Yale yale tunayochemsha kwa chai, wao wanayaponda, wanazungushia nyama, wanakaanga mpaka ganda linakuwa kama wavu wa nyuzi nyembamba, linapukutika ukiligusa. Nimekula magimbi tangu utoto na sikujua yanaweza kufanya vile.

Miguu ya kuku ipo. Tumeizoea kwenye supu, lakini ya kwao inakaangwa kwanza, inachemshwa na viungo, halafu inapigwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa, mpaka ngozi inaachia yenyewe. Mifupa unaitoa mdomoni kwa adabu, unaiweka pembeni ya sahani.

Tamu chukua kidogo: dan tat, kikombe cha keki chenye yai lililoganda, kikiwa bado vuguvugu, au jin deui, mviringo wa unga wa mchele wa kunata uliovikwa ufuta. Kisha rudi kwenye chai.

Hatua ya tano: mezani

Vijiti usivisimamishe wima katikati ya bakuli la wali; kwao hufanana na vijiti vya ubani vya kuwakumbuka marehemu. Usichome chakula kwa kijiti kama mshikaki. Meza ikiwa na sahani kubwa inayozunguka, tazama kwanza kama kuna mtu anapakua, ndipo uizungushe. Na vifurushi vyenye supu ndani, xiao long bao, ambavyo asili yake ni upande wa Shanghai ingawa hoteli nyingi huviweka humo humo: kiweke kwenye kijiko, toboa kidogo, acha mvuke utoke, nyonya mchuzi, ndipo ule. Ukikitia chote mdomoni utaungua ulimi na siku yako ya kula imeisha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Dada, asante kwa somo. Sisi Waislamu tukiepuka siu mai tu, inatosha?

Haitoshi, kaka yangu, na hili nalisema kwa uzito. Nguruwe anaingia hata mahali usipomwona. Kwenye har gow wapishi wengi huchanganya kipande cha mafuta ya nguruwe ili kamba awe laini. Ile keki ya figili, lo bak go, kwa kawaida ina soseji ya Kichina. Ganda la dan tat linaweza kuwa na mafuta hayo hayo, na nyama nyingi hulowekwa kwenye mvinyo wa mchele. Vikapu navyo hupangwa kimoja juu ya kingine kwenye mvuke mmoja. Kwa hiyo usiulize "kipi hakina nguruwe", uliza "je, jiko lenu ni halali?" Wakisita kujibu, tafuteni hoteli nyingine. Zipo zinazopika dim sum ya kuku, ng'ombe na kamba peke yake, na inapendeza vile vile.

Mama wa Mwanga: Mwanangu, mimi vijiti siviwezi na mkono unatetemeka. Si nitaaibika?

Shikamoo mama. Omba uma na kijiko, wataleta mara moja. Bao unaruhusiwa kulishika kwa mkono, hata wenyewe hushika. Na kwa umri wako vijana ndio wanaotakiwa kukuwekea kwenye sahani, kile kizuri cha kwanza kiwe chako.

Mwanachama wa Katubuka: Nina presha. Nile nini?

Chumvi imejificha kwenye sosi, mdogo wangu. Cheung fun omba sosi iletwe pembeni, usichovye siu mai kwenye soya, na miguu ya kuku ruka. Mboga za majani za kuchemsha huwa zipo. Agiza bila sosi ya juu. Masharti ya daktari wako yanatangulia maneno yangu.

Mwanachama wa Bangwe: Mabaki tunaweza kufungiwa?

Kwenye bufee kwa kawaida hapana. Ndiyo maana nasema agizeni vikapu viwili vitatu, mvimalize, muagize tena.

Mwanachama wa Kasulu: Sina safari ya Dar mwaka huu. Naweza kujaribu nyumbani?

Unaweza, na nimefanya kwa mgebuka, samaki wetu wa ziwani. Har gow achana naye kwanza, ule wanga wa ngano ni mgumu kuupata. Tengeneza mfano wa siu mai. Kanda robo kilo ya unga wa ngano na yai moja, chumvi na maji kidogo, uwe mgumu kuliko wa chapati. Uache nusu saa, sukuma mpaka uone kiganja chako kwa upande wa pili, kata miviringo kwa mdomo wa glasi. Mgebuka mbichi toa ngozi na miiba yote, katakata, ponda. Tia chumvi, tangawizi, majani ya kitunguu, kijiko cha wanga wa mahindi na vijiko viwili vya maji baridi sana. Sasa koroga kwa upande mmoja tu, bila kubadilisha, dakika tano nzima, mpaka nyama inate na kung'ang'ania mwiko. Ukiruka hapo samaki atasambaratika mdomoni. Weka kijiko kimoja kwenye kila ganda, kusanya ukingo kama mdomo wa mfuko, acha juu wazi.

Kikapu cha mianzi huna, basi chukua sufuria kubwa, maji kina cha vidole viwili, bakuli lililopinduliwa katikati, na sahani juu yake. Tandika jani la mgomba ulilolipitisha juu ya moto likalegea, lipake mafuta kidogo, panga visigusane. Maji yakichemka kwa nguvu ndipo uweke, funika kwa kifuniko ulichokifunga kitambaa ili matone yasidondokee unga, hesabu dakika kumi. Chai ya rangi iwe imeshaiva kabla hujafunua, kwa sababu vinaliwa hapo hapo vikiwa vya moto.