Mazabodi ipi itaingia kwenye kompyuta yako ya zamani ya mezani

Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikifa, wengi huingia dukani Kampala na kuuliza, “Fundi, una ya Core i5?” Swali hilo halitoshi. Prosesa za Core i5 zimetengenezwa kwa soketi (kitako cha prosesa) zaidi ya tano zisizoingiliana, na hata soketi ikilingana, chipseti, yaani chipu zinazoratibu mazabodi, inaweza kuikataa prosesa. Anza na vitu ulivyobaki navyo: prosesa, RAM, kasha na pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme). Hivyo ndivyo vinavyochagua mazabodi.

Kwanza, je, kweli imekufa?

Kabla ya kuihukumu, ondoa washukiwa wengine. Vumbi jekundu likikaa kwenye midomo ya RAM, mashine huwaka feni bila picha. Chomoa RAM, sugua midomo yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha moja tu na ujaribu kila nafasi. Badilisha betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi ikiwa imeshuka mbali na 3V.

Kisha ipime pawasaplai. Zima umeme, chomoa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, halafu washa. Feni yake isipozunguka, mgonjwa umempata. Ikizunguka, pima kwa mita: njano 12V, nyekundu 5V, machungwa 3.3V, na tofauti isizidi asilimia 5. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua pawasaplai mara nyingi kuliko mazabodi, na pawasaplai mbovu itaiua hata mazabodi mpya. Usiruke hatua hii.

Kapasita zilizovimba kichwani au kutoa maji ya kahawia karibu na prosesa zinatosha kuwa ushahidi dhidi ya mazabodi yenyewe.

Soketi

Futa pesti ya kupitisha joto kwenye bati la prosesa kwa spiriti, usome namba. Kwa Intel: Core 2 Duo na Core 2 Quad ni LGA 775, Core i za kizazi cha kwanza ni LGA 1156 (isipokuwa i7 za mfululizo wa 900, ambazo ni LGA 1366), cha pili na cha tatu (i5-2400, i5-3470) ni LGA 1155, cha nne ni LGA 1150, cha sita na saba ni LGA 1151. Cha nane na tisa nacho ni 1151, lakini kinadai chipseti za mfululizo wa 300. Prosesa itakaa vizuri kwenye mazabodi ya kizazi cha sita na bado haitawaka. Kwa AMD, prosesa ya AM3 inaweza kukaa kwenye mazabodi ya AM2+ ikiwa BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) inaitambua, lakini ya AM2 haingii kwenye AM3.

Chipseti, mahali pesa zinapopotelea

Chukua Dell OptiPlex 790. Soketi yake ni LGA 1155, kwa hiyo mtu hununua i5-3470 akiamini itafanya kazi. Haifanyi. Chipseti yake ni Q65, na Q65, Q67 na B65 hazikuwekewa uwezo wa kuendesha kizazi cha tatu. OptiPlex 7010 yenye Q77 inakubali vyote viwili, sawa na mazabodi za B75 na H77.

H61, ambayo ni rahisi kuipata, iko katikati: inakubali kizazi cha tatu ikiwa BIOS yake imesasishwa, na mara nyingi kuisasisha kunahitaji uwe na prosesa ya kizazi cha pili ya kuiwashia kwanza. Kama unayo ya tatu tu, mwambie muuzaji asasishe mbele yako kabla hujalipa. Angalia pia wati: baadhi ya mazabodi ndogo hukomea prosesa za 65W, na i5-2400 ni 95W. Orodha ya prosesa zinazokubaliwa iko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tafuta kwa jina kamili la mazabodi pamoja na namba yake ya toleo, iliyochapwa pembeni mwa bodi yenyewe.

RAM

DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila pengo la katikati liko mahali tofauti, usilazimishe. DDR4 ina pini 288. RAM za seva zenye rejista hazitawaka kwenye mazabodi za kawaida hata zikiingia, kwa hiyo usivutiwe na bei yake.

Mwenye LGA 775 na mazabodi ya chipseti ya G41 inayotumia DDR3 awe macho. Inasoma hadi GB 8, lakini si kwa RAM yoyote. Shika RAM ya GB 4 mkononi na uhesabu chipu nyeusi pande zote mbili. Zikiwa 16, nane kila upande, itasoma. Zikiwa 8 tu, kila chipu imebeba data nyingi kuliko G41 inavyoweza kufikia, na mashine itabaki kimya. Mazabodi nyingi nzuri zimerudishwa dukani kwa kosa hili.

Kasha na waya

MicroATX ni mm 244 kwa 244, na ATX ni mm 305 kwa 244. Kwenye kasha la kawaida, hayo yanatosha. Makasha ya Dell na HP ni habari nyingine: OptiPlex 3020 na 9020 hutumia plagi ya umeme ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6, na waya za kitufe cha kuwashia zina plagi zao wenyewe. Mashine kama hizo zitafutie mazabodi ya modeli ileile na umbo lilelile la kasha. Ukiikosa, kununua mashine nzima iliyotumika na kuhamishia diski yako ni busara kuliko kukata na kuunganisha waya.

Kama unatumia printa ya zamani yenye plagi pana ya LPT, au diski ya IDE (ya waya bapa mpana), hakikisha matundu hayo yapo.

Dukani na mezani

Mulika soketi kwa tochi ya simu, ukiinamisha bodi taratibu. Pini zote zinapaswa kung’aa kwa mstari mmoja. Inayong’aa peke yake upande mwingine imepinda. Kisha iwashwe kwa prosesa na RAM zako mwenyewe, ukiwa umesimama hapo, na ijaribiwe kila nafasi ya RAM, kila USB na tundu la mtandao.

Wakati wa kufunga, ondoa nguzo ya shaba isiyo na tundu la skrubu juu yake, kwani itagusa mgongo wa bodi na kuleta shoti. Feni ya LGA 775 haifai 1155: matundu yake yako mm 72 kutoka moja hadi jingine, ya 1155 ni mm 75. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, na usisahau plagi ndogo ya pini 4 karibu na prosesa. Bila hiyo feni zinazunguka lakini skrini inabaki nyeusi.

Windows ikigoma kwa skrini ya buluu yenye 0x0000007B, usikimbilie kufomati. Ingia BIOS, badilisha mpangilio wa SATA (njia ya kuunganisha diski) kati ya AHCI, IDE na RAID hadi ule uliokuwa kwenye mazabodi ya zamani. Leseni iliyokuja na mashine imefungwa kwenye mazabodi ile iliyokufa, kwa hiyo tarajia Windows iombe kuamilishwa upya.