SOMO: Kujenga meza ya treni ndogo inayobebeka, kuanzia mbao hadi banda la Nane Nane

Habari zenu wadau. Naandika hili ili nikiulizwa tena "treni yangu ikifika katikati ya meza inazima, tatizo nini?" niwe na mahali pa kumwelekeza mtu. Swali hilo nimelijibu mpaka nimechoka. Tafadhali someni lote kabla ya kuuliza.

Tunajenga meza ya vipande viwili, kila kimoja sentimita 120 kwa 50, vinavyoweza kulala nyuma ya gari la Noah. Mandhari ni stesheni ya TAZARA kwa mtindo wa Makambako: njia kuu, njia mbili za kupangia mabehewa, na ghala la mbao. Msianze na duara kubwa la kujaza sebule. Duara hilo halitatoka mlangoni, na watu wa kuliona watakuwa ni wageni wako tu.

1. Kipimo. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067. Reli ndogo iliyo rahisi kuagiza ina milimita 16.5. Gawanya, unapata karibu 64.7, kwa hiyo kila kitu kijengwe kwa 1:64, yaani kipimo halisi ukigawanye kwa 64. Wajenzi wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao kubwa ni za upana huohuo, wamezoea kipimo hiki. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na milimita 26 na nusu. Usichanganye nyumba za 1:87 na mabehewa ya 1:64. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

2. Mbao. Fremu ya paini, juu plaiwudi ya milimita 9. Paini ya Sao Hill ni nzuri, ila ikitoka tu kupasuliwa bado ina maji. Ipange ndani ya nyumba na uweke vijiti kati ya ubao na ubao, isubiri ikauke. Ubao uliopinda uache hukohuko dukani, skrubu haziunyooshi.

3. Miguu. Sentimita 90, yenye bolti chini za kusawazishia.

4. Maungio ya vipande viwili. Hapa ndipo meza nyingi zinapofia, na hapa ndipo swali la treni kuzima linapozaliwa.

Kwanza, bolti hazipangi meza. Tundu la bolti siku zote lina nafasi kidogo, na nafasi ya milimita moja inatosha kuangusha behewa. Kinachopanga ni pini mbili za chuma zinazoingia kwenye tundu zake kwa kubana. Bolti kazi yake ni kuvuta tu, tena uziwekee washa pana ili zisile mbao. Bana vipande viwili kwa klempu, toboa vyote kwa pamoja, ndipo uweke pini.

Pili, reli. Usilaze reli ya kipande hiki, kisha ya kile, ukategemea zitakutana. Unganisha vipande viwili vya meza na ukaze bolti. Kila upande wa mpaka, milimita 5 hivi kutoka ukingoni, zamisha skrubu za shaba chini ya kila reli, kichwa kikigusa kitako cha reli bila kuinyanyua. Laza reli nzima ikipita juu ya mpaka bila kukatika. Ilehemu kwenye skrubu zote, acha ipoe kabisa, ndipo ukate mpakani kwa msumeno mwembamba. Ukikata kabla ya kulehemu, ncha zitacheza na hutazirudisha. Ukilehemu kwa chuma cha kulehemea kisicho na moto wa kutosha, utakaa muda mrefu hadi vipande vya plastiki vinavyoshika reli viyeyuke, kwa hiyo chomoa vile vilivyo karibu kabla hujaanza. Fanya hatua hii kabla ya kuweka hata unyasi mmoja.

5. Reli nyingine. Kona zisiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 60, kwa sababu injini kama U30C, ile ya dizeli ya TAZARA, ina ekseli sita. Acha mianya ya nusu milimita mahali pachache. Reli ya mita 2.4 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 0.8, na asubuhi ya Agosti Uyole, Mbeya, si sawa na saa nane mchana chini ya turubai.

6. Umeme. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene, za milimita za mraba 1.5 za kawaida za nyumba, nyekundu na nyeusi. Kila kipande cha reli kipate waya wake mfupi kutoka hapo. Viunganishi vya reli vishikilie reli tu, umeme usivitegemee, maana vumbi na unyevu huvilegeza. Juu ya meza ni volti 12 tu. Adapta ya umeme wa ukutani ikae nje, chini ya meza usiingize volti 230 kwa sababu yoyote ile. Weka na fyuzi.

7. Mandhari. Kokoto ni mchanga wa mtoni uliochekechwa na kukaushwa. Mwagia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na tone la sabuni ya maji ili izame.

8. Maonyesho. Viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale, Mbeya, mwezi Agosti vina vumbi. Funika meza kwa kitambaa usiku, na asubuhi futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Stilwaya ya sufuria isisogee karibu, nyuzi zake hunaswa na sumaku ya mota na kuiua. Kamba ya kuzuia watu iwe nusu mita kutoka mezani, mkono wa mtoto usifike. Treni iwe inatembea muda wote, hata kama ni kupanga mabehewa mawili tu. Ikisimama, watu wanaondoka.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Soweto, Mbeya: Mkuu, treni kamili mpaka nyumbani ni shilingi ngapi?

Jibu: Siuzi treni.

Mdau wa Vwawa: Yangu inazima katikati ya meza, msaada tafadhali.

Jibu: Hatua ya 4 na ya 6.

Mdau wa Vwawa: Nimesoma, lakini mimi nimetumia viunganishi vya kawaida, mbona wengine vinawafanyia kazi?

Jibu: Vinafanya kazi vikiwa vipya na meza haihami. Yako inahama. Chukua testa, pima volti mwanzo wa meza na pale inapozima, treni ikiwa inavuta. Ukikuta tofauti, ongeza nyaya kila kipande. Ukimaliza, niletee vipimo tuendelee.

Mdau wa Mlimba: Shikamoo mwalimu. Mimi nimekulia kando ya reli, natamani daraja refu kama yale ya kupanda Makambako. Ila meza yangu ni mita 2.4. Nipandisheje reli mpaka treni ipite juu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Mteremko usizidi sentimita 2 kwa kila mita, injini ndogo inachoka haraka. Ili kupita juu ya njia nyingine unahitaji sentimita 8 hivi, yaani mita 4 za kupanda, na wewe huna. Basi usipandishe reli, shusha ardhi. Reli ibaki tambarare. Kata plaiwudi pale katikati, shusha sakafu sentimita 25 chini na ujenge korongo. Nguzo ya sentimita 25 kwa 1:64 ni mita 16 za ukweli. Mpaka wa vipande usiangukie darajani. Anza na mchoro wa ukubwa halisi kwenye karatasi za boksi, ukikwama nitumie picha.

Mdau wa Iringa mjini: Mimi nataka SGR ya umeme. Reli hiyohiyo itafaa?

Jibu: Itafaa kabisa. SGR ni milimita 1435, gawanya kwa 87 unapata 16.5. Kwa hiyo badilisha kipimo kiwe 1:87, reli ibaki.

Mdau wa Mufindi: Nyongeza kwa wadau: maganda ya paini ukiyavunja yanatoa miamba mizuri sana. Na shamba la chai nimelitengeneza kwa sponji ya vyombo iliyokatwakatwa, nikapaka kijani aina mbili.

Jibu: Asante dada, hilo la maganda nalichukua. Yakaushe juani kwanza, yanakuja na wadudu.

Mdau wa Mufindi: Mimi nayaweka kwenye oveni ya mkaa moto ukishapungua, usiku mmoja. Mwalimu, na majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yanafaa kwa udongo wa msituni?

Jibu: Yanafaa, yakiwa makavu kabisa na hayakuchanganywa na sukari wala maziwa. Yasipokauka yanaota ukungu chini ya gundi.