Somo: Msikiti na kanisa kudai zahanati inayofanya kazi kupitia bajeti ya kaunti

Kila mwaka waumini wa Kenya hujitokeza kwa wingi kwenye vikao vya bajeti mwezi Mei, husema kwa uchungu kuhusu zahanati yao, kisha hurudi mikono mitupu. Wanakuwa wamefika mali ishagawanywa. Viwango vya fedha vya kila idara huwekwa katika waraka wa mwelekeo wa fedha, ule maofisa wanaouita CFSP, ambao sheria inataka ufike bunge la kaunti kufikia Februari 28. Baada ya hapo hakuna nafasi kubwa ila ya kuhamisha vipande ndani ya idara ileile. Kwa hiyo kazi huanza Juni, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai ya mwaka ujao.

Hatua ya 1: Kamati ya pamoja. Watu 7 hadi 9 kutoka misikiti na makanisa ya wadi moja. Awemo anayejua hesabu, muuguzi mstaafu akipatikana, na kina mama wanaopeleka watoto kliniki, maana wao ndio wanaoujua mlango uliofungwa. Anayewania kiti chochote asikae humo. Imamu, padri na wachungaji wawe walezi, si wenyeviti: wakihamishwa kituo, kazi isisimame.

Hatua ya 2: Daftari la wiki nne. Kila siku andikeni tarehe, saa ya kufungua na kufunga, wauguzi waliokuwepo, dawa zilizokosekana na idadi ya wagonjwa waliorudishwa. Waandike wawili wawili, Mwislamu na Mkristo, wote watie sahihi kila ukurasa. Hapo hakuna atakayesema ni chuki ya upande mmoja. Majina ya wagonjwa yasiandikwe kabisa. Pigeni picha ya kufuli, si ya mgonjwa.

Hatua ya 3: Barua ya kuomba taarifa. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kupeleka ombi hakulipiwi. Gharama ni ya kutoa nakala tu. Ulizeni kitu kimoja kimoja: zahanati hii ilitengewa kiasi gani mwaka jana, kilitumika kiasi gani, ina nafasi ngapi za wauguzi na zilizojazwa ni ngapi. Ukiomba "taarifa zote" utazungushwa. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo. Zikipita kimya, lalamikeni kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Hatua ya 4: Andiko la maombi. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Kamati huandika "tunaomba zahanati", wanapewa kuta nne na bati, kisha jengo linakaa miaka likifuga popo. Sababu ni kwamba jengo hulipiwa na fungu la maendeleo, ilhali mishahara, dawa, umeme na maji hutoka fungu la matumizi ya kawaida. Ukiomba la kwanza pekee, la pili halitakuja lenyewe. Basi andikeni yote mawili waziwazi: chumba cha kujifungulia, na wauguzi wangapi, na dawa za robo mwaka, na tangi la maji. Kurasa mbili zisizidi, muhtasari wa daftari nyuma, sahihi za viongozi wa dini zote.

Lifikisheni kwa kaunti Agosti, kabla ya mpango wa maendeleo wa mwaka kuwasilishwa Septemba 1. Lirudisheni Januari, wakati CFSP inaandaliwa. Aprili 30 makadirio yanapofika bunge la kaunti, tafuteni mstari wenu humo. Usipouona, mwandikieni karani wa bunge siku hiyohiyo. Mwisho wa kupitisha bajeti ni Juni 30.

Kuna mlango ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataja makundi ya kidini kwa jina kati ya wanaostahili wawakilishi katika jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, chombo cha wananchi kushauriana na kaunti kuhusu mipango na bajeti. Ulizeni ni nani amekaa kiti hicho, na mara ya mwisho aliripoti kwa nani.

Hatua ya 5: Fuatilieni. Bajeti kupitishwa si fedha kutumika. Someni ripoti za robo mwaka za kaunti na za Msimamizi wa Bajeti, kisha tangazeni tarakimu baada ya misa na baada ya swala ya Ijumaa.

Maswali ya wanachama

*Asalaam aleikum. Mwakilishi wadi wetu ameahidi kuezeka msikiti. Tupokee huku tunamdai zahanati?*
Waaleikum salaam, ndugu yetu. Msipokee. Mkono uliopokea hauandiki barua kali. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais kwa parokia moja urudishwe. Mkiulizwa, mfano upo.

*Mama mchungaji hapa. Vijana wanataka maandamano ya amani hadi ofisi ya kaunti. Inaruhusiwa?*
Ndiyo, mama. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki hiyo. Mjulisheni mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, mkitaja njia na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Teueni wasimamizi wenye vitambulisho vya rangi moja.

*Kikao cha bajeti kilitangazwa jana, kinafanyika kesho, mji wa mbali. Tufanyeje?*
Tumeni wawili wakiwa na andiko, si basi zima la watu. Hifadhini tangazo likiwa na tarehe yake, na mwandikieni karani leo kwamba taarifa ilitolewa siku moja tu kabla. Barua hiyo ndiyo itakayowafaa iwapo mtaamua kwenda mahakamani.