Kumpima VVU mgonjwa mwenye malaria

Katika zahanati za Kisumu, Siaya na Busia, mgonjwa wa homa mara nyingi hupimwa malaria na VVU siku moja. Hakuna haja ya kungoja malaria ipone kwanza, mradi mpimaji ajue yanayoweza kumpotosha.

Vimelea vya malaria huusukuma mwili kutoa kingamwili za kila namna. Mara chache baadhi yake hunata kwenye kipimo cha VVU na kuleta mstari wa uongo. Vipimo vya miaka ya 1980 vilisumbuliwa zaidi na jambo hili; vya sasa ni bora, lakini mstari mmoja bado si jibu. WHO (Shirika la Afya Duniani), tangu 2019, inataka vipimo vitatu tofauti vifuatane na vyote viwe chanya kabla ya kusema mtu ana VVU. Majibu yakigongana hadi mwisho, usimwambie mtu ana VVU wala hana: mtibu malaria leo, arudi baada ya siku 14. Akithibitishwa, apimwe tena kwa damu mpya kabla ya kuanza ARV, ikiwezekana na mhudumu mwingine.

Kusema kweli, makosa mengi hutoka mkononi, si kwenye malaria. Kipimo cha malaria hutosheka na mikrolita 5 za damu. Kitepe cha Determine, aina moja ya kipimo cha VVU, hutaka 50. Ukitumia mrija wa malaria, damu haitoshi na maambukizi yanaweza kufichika. Bafa, yaani majimaji ya kuendesha kipimo, nazo haziazimani: chupa ya malaria ikitiwa kwenye kipimo cha VVU, jibu haliaminiki. Kwa Determine, futa tone la kwanza, jaza mrija, subiri damu inyonywe, weka tone moja la bafa, soma baada ya dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Mstari hafifu wa mgonjwa huhesabiwa kuwa chanya. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, tupa, anza upya. Vipimo vikae kati ya nyuzi 2 na 30. Stoo ya mabati mchana wa Kisumu hupita hapo kwa urahisi.

Hatari inayosahaulika zaidi ni kinyume chake: VVU kudhaniwa malaria. VVU vipya, wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, huleta homa, kichwa na maumivu ya viungo kama malaria, huku kipimo cha kingamwili kikiweza kuwa bado hasi. Kipimo cha malaria nacho huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya dawa. Kwa hiyo homa ikirudi, uliza kuhusu ngono bila kinga, kisha panga kipimo kingine cha VVU. Kama tukio halijapitisha saa 72, aanzishiwe PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini) ya siku 28 mara moja, hata kama malaria imeonekana.