Namna ya Kumlisha Mafuta Ng'ombe wa Nyama Ili Ashike Mimba Mapema

Mfugaji wa Dar es Salaam mwenye ng'ombe wa nyama Chanika, Kisarawe au Chalinze ana hesabu asiyoweza kuikwepa: mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283, kwa hiyo jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka hana budi kushika mimba tena ndani ya siku 80 hivi baada ya kuzaa. Wanaozaa mwishoni mwa kiangazi wakiwa wamekonda huchelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka kupandwa tena na dume, na hapo ndipo mafuta katika lishe yanapoweza kusaidia.

Mafuta yana nishati zaidi ya mara 2 ya wanga. Zaidi ya hayo, huongeza kolesteroli, ambayo mwili huitumia kutengeneza projesteroni, homoni inayotunza mimba, na mara nyingi huchochea ukuaji wa vifuko vya mayai.

Kabla ya kununua chochote, mkague jike kwa macho na kwa mkono. Mbavu zikionekana zote kwa mbali na mifupa ya nyonga ikiwa imechongoka, huyo ndiye wa kupewa, hasa mtamba aliye na mimba ya kwanza, kwa kuwa bado mwili wake unakua. Jike aliyenona hatapata faida kubwa, na kwa maoni yangu kumwongezea ni kupoteza fedha.

Anza siku 60 hivi kabla ya kuzaa, kwani matokeo ya kulisha mafuta baada ya kuzaa hayatabiriki. Mafuta yote katika lishe yasizidi asilimia 6 ya uzito mkavu wa chakula (uzito bila maji), kwa sababu yakizidi huwadhoofisha vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi. Jike wa kilo 350 hula kama kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, hivyo kikomo chake ni gramu 480, na majani yenyewe tayari yana kiasi fulani. Kilo 1 hadi 1.5 ya mbegu nzima za pamba, zenye mafuta mengi, zinamtosha. Mzoeshe kidogo kidogo kwa wiki 2, na kinyesi kikilainika kupita kiasi au akiacha majani, punguza.

Chanzo kingine cha mafuta ni mashudu ya alizeti, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta mengi kuliko yaliyokamuliwa kwa kemikali, basi muulize muuzaji yalikamuliwa vipi. Kwa unyevu wa pwani yetu, yapange juu ya mbao, mbali na ukuta, na yakinuka uvundo au kuota ukungu usimpe mnyama yeyote.

Mbegu za pamba zina gosipoli, sumu inayoweza kuharibu mbegu za uzazi za madume machanga, kwa hiyo wape majike tu, si madume. Jike mwenye mwili mzuri asiyeshika mimba, au anayetupa mimba, apimwe brusela, ugonjwa unaosababisha kutupa mimba, na dume lake likaguliwe na daktari wa mifugo, maana hapo huenda tatizo si lishe.