Ginsi ya kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni ya chuma maalum, bila faida kukudanganya

Mi natumikaka ku magazini ya atelie moja hapa Lubumbashi, tunatengenezaka bene (sanduku ya nyuma) za kamyo za migodi na tunabadilisha mashavu ya konkasere, mashini ya kuvunja mawe. Mwaka 2022 fournisere moja, mwenye kutuuzia chuma, alikuja akasema bei ya tole (bamba ya chuma) imepanda sababu nikeli imepanda, na kweli tarehe 8 Machi mwaka ile nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani ku soko ya metali ya London mpaka wakafunga biashara yake, dunia nzima ilisikia. Tukalipa. Kiisha nikaangalia karatasi ya tole ile, ni chuma ya manganizi, ile yenye manganizi kama 11 mpaka 14 kwa mia, nikeli hakuna ndani. Iliniuma sana. Toka siku ile najifunza kusoma ripoti za hawa wanaotengeneza chuma maalum, ni kusema chuma iliyochanganywa na metali zingine, na nataka wengine nao bajue, zaidi sana batoto ya UNILU, université ya hapa Lubumbashi, wanaosoma ekonomi na bafundi wanaonunua tole wenyewe.

Ripoti haiuzwi. Ingia ku saiti ya kampuni, tafuta sehemu ya wawekezaji, chukua faili ya PDF. Itakuwa kurasa mia mbili na zaidi, usiogope, na usianze na barua ya mkubwa wa kampuni yenye picha, kila mwaka barua ile inafurahi. Enda mbele kwenye tablo ya miaka mitano, halafu kwenye hesabu.

Kwanza angalia mwaka wao unaishia mwezi gani. SSAB ya Sweden, wenye tole ngumu ya Hardox ambayo bafundi hapa wanaijua, wanafunga Desemba. voestalpine ya Austria wanafunga tarehe 31 Machi. Carpenter Technology ya Marekani tarehe 30 Juni. Ukilinganisha bila kuangalia hiyo, unachanganya miezi ambayo nikeli ilikuwa juu na miezi ilikuwa chini, na hesabu yako yote inaharibika.

Sasa tufike ku roho ya mambo, tani na mapato, hapa usipite haraka. Tuseme kampuni fulani, hii ni mfano wangu tu, mwaka wa kwanza iliuza tani 100,000 ikapata dola milioni 300, mwaka wa pili tani 90,000 na dola milioni 315. Barua ya mkubwa itasema mauzo yamepanda 5 kwa mia. Ni kweli, lakini chuma iliyotoka mu kiwanda imepunguka 10 kwa mia! Gawanya: mwaka wa kwanza kila tani ilileta dola 3,000, wa pili 3,500. Ile 500 imetoka wapi? Kama ni inox (chuma isiyoshika kutu) ya aina ya 304, ndani mna kromu 18 kwa mia na nikeli 8 kwa mia, ni kusema kilo 80 za nikeli mu kila tani. Nikeli ikitoka dola 20,000 ikafika 25,000, kila kilo imeongeza dola 5, mara 80 ni dola 400. Basi mu ile 500, mia ine ni nikeli tu imepita mu mikono yao kwenda kwa mteja, juu hawa watu mara mingi wanaweka mu fakture, karatasi ya bei, nyongeza ya metali inayobadilika kila mwezi. Kazi yao yenyewe imeongeza dola mia moja. Fanya hesabu hii kila mara, hata kwa kalamu.

Kiisha kuna stoki. Unajua mama anayeuzaka bunga ku soko ya Kenya hapa Lubumbashi, alinunua mifuko mbele mpaka wa Kasumbalesa, wa kwenda Zambia, haujafungwa, bei ikapanda, mwezi ule anapata faida nzuri, lakini mifuko ikiisha anarudi kununua kwa bei ya juu. Kampuni ya chuma ni vile vile, wanayeyusha feraye (vyuma vikuukuu) na nikeli waliyonunua miezi iliyopita na wanauza kwa bei ya leo. Metali ikipanda faida inavimba, ikishuka faida inalia, na kiwanda hakijabadilika kitu. Ripoti nzuri inatenga ile faida ya stoki pembeni, itafute mu maelezo ya chini. Kama hawaitengi, angalia tablo ya pesa taslimu: faida imepanda na pesa iliyoingia kweli imeshuka, jua pesa imelala ku stoki ao kwa wateja hawajalipa.

Upande wa uwekezaji, chukua pesa waliyoweka mu mashini na majengo mwaka ule, igawanye na uchakavu wa mwaka ule, ni kusema thamani ya mashini wanayopunguza mu hesabu juu ya kuzeeka. Ikiwa karibu moja, wanatengeneza tu vya zamani. Ikipita moja kwa miaka kadhaa wanajenga, ikiwa chini ya moja kwa muda mrefu, mi ningeogopa, kiwanda kinazeeka. Mfano mkubwa ni SSAB, mu 2024 walitangaza kuweka euro bilioni 4.5 ku Luleå, muji ya Sweden, tanuru mbili za umeme za kutoa tani milioni 2.5 kwa mwaka, na kufunga tanuru ya makaa. Walisema hiyo itapunguza moshi wa kaboni wa Sweden nzima 7 kwa mia, kazi kubwa kabisa. Lakini wewe msomaji uliza bintu tatu: pesa inatoka wapi, itaanza kuleta tani mwaka gani, na umeme wa bei gani, juu tanuru ile bila umeme wa uhakika ni sanduku ya mawe. Na ukumbuke uchakavu wa mashini mpya unaanza kuhesabiwa siku inapoanza kazi, si siku ya kujenga, kwa hiyo miaka ya kujenga faida inaweza kuonekana nzuri kuliko vile itakuwa baadaye.

Deni haina maneno mingi: toa pesa taslimu mu deni yote, gawanya na faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Moja ao chini, wanalala vizuri. Ikipita tatu, soma tena mara ya pili.

Kwa sisi watu wa Katanga kuna mustari moja ya kuangalia zaidi, ni kobalti. Meshi za kutoboa chuma ngumu, aina ya M42, ziko na kobalti 8 kwa mia, gramu 80 mu kila kilo. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi, kiisha mu Oktoba wakaweka kota, ni kusema kipimo cha tani zinazoruhusiwa kutoka. Tafuta mu ripoti za kuanzia pale, sehemu ya hatari, uone wanasema nini juu ya Kongo, ni sisi wanatuongelea pale.

Chukua kaye, daftari. Andika mustari ine tu kwa kila kampuni: tani, mapato kwa tani, pesa taslimu iliyoingia, uwekezaji kwa uchakavu, kwa miaka mitatu. Fournisere akija na bei mpya, fungua kaye mbele yake, muulize ni metali gani imepanda, ni kilo ngapi ziko mu tani ya tole hii anayokuuzia, na alinunua mwezi gani.