Kuwashawishi wachezaji waingie kampeni mpya: mfano wa Kilwa ya 1331

Mtu akija na ulimwengu mpya wa kampeni, yaani mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika unaoendelea kikao baada ya kikao, namuuliza jambo moja tu: Ijumaa usiku, tukishakaa mezani na kete ziko mkononi, wahusika wetu wanafanya nini? Wengi hunijibu kwa orodha ya masultani. Hivi karibuni kijana wa kundi letu aliniletea daftari zima kuhusu Kilwa Kisiwani. Kazi nzuri sana, ila alipowasomea wenzake walianza kuchungulia simu. Tulikaa tukalipunguza hadi nusu ukurasa, na njia tuliyopita ni hii.

1. Chagua mwaka

"Pwani ya zamani" si mahali pa kuchezea. Sisi tulichukua 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika Kilwa. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, inapitia hapo, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani, iko juu ya mwamba na bwawa lake la pembe nane. Ukipenda 1505, meli za Mreno Francisco de Almeida zinaingia na mji unatekwa, lakini hiyo ni kampeni nyingine. Usizichanganye.

2. Andika sentensi ya kwanza

Hapa ndipo watu hukesha. Sentensi hii lazima iseme wahusika ni nani, wanataka nini, na nini kinawabana. Jaribio la kwanza la kijana wetu lilikuwa hivi: "Kilwa ni dola tajiri iliyoshika biashara ya dhahabu." Kweli tupu, lakini mchezaji afanye nini nayo? La pili: "Nyinyi ni wasafiri Kilwa, fanyeni lolote mpendalo." Hili ni baya zaidi. Mmoja atataka kufanya biashara, mwingine apigane, wa tatu atafute karamu, na saa tano inagonga bado mnabishana sokoni.

Tuliishia hapa: "Nyinyi ni mabaharia wa mtepe mmoja, mna deni kwa tajiri wa Kilwa, dhahabu ya kulilipa iko Sofala, na kaskazi ikikatika kabla hamjang'oa nanga mmekwama hadi mwaka ujao."

Angalia kila kipande kinavyofanya kazi. Chombo kimoja kinamaliza lile swali linaloua vikao vya kwanza, la kwa nini watu hawa wasiofanana wako pamoja. Deni linawasukuma. Upepo unawawekea muda: kaskazi inapeleka vyombo kusini takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi inavirudisha. Huna haja ya adui anayetishia kuangamiza dunia ifikapo mwezi mpevu.

Sasa tahadhari, maana sentensi hii ina mitego. Usianze kueleza pepo za msimu kwa aya nzima. Kama mezani kuna mtu wa bara asiyewahi kupanda jahazi, mwambie "upepo ukigeuka hamtoki", basi. Pili, anayewadai asiwe Sultani mwenyewe. Ukimweka Sultani, wachezaji wataanza kupanga mapinduzi kabla chai haijapoa, na safari ya Sofala imekufa. Kama unataka fitina za ikulu, andika fitina za ikulu tangu mwanzo. Tatu, sema mapema kama majini wapo. Mimi nasema wapo, wana maagano na wanadai chao. Anayetaka mbilikimo mwenye shoka na ndevu hadi kiunoni abaki na kampeni yake ya zamani ya Dungeons & Dragons, hatugombani.

Ukimaliza, msomee mtu asiyecheza kabisa, halafu umuulize watu hao wanafanya nini. Akijibu "wanasafiri kwenda kulipa deni", umefika. Akijibu "ni habari za Kilwa", rudi kwenye karatasi.

3. Ongeza kisa kimoja

Kimoja tu. Ibn Battuta anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwana wa Sultani akazichukua tena na kumfidia yule maskini watumwa kumi. Baba aliposikia watu wanavyomsifu mwanawe, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Waulize wachezaji: nyinyi mlikuwa pale nje ya msikiti, mna deni, na fukara wa asubuhi sasa ana pembe. Nani anamfuata?

4. Mipaka

Kisa hicho kina watumwa, na wewe umekisoma kwa sauti. Usipite kama hukuona. Muulize kila mchezaji faraghani ni jambo gani lisiingie kabisa, na lipi litajwe bila kuigizwa. Mezani kila mtu husema "mimi poa tu". Sisi tulikubaliana utumwa upo katika ulimwengu huo, hakuna mhusika wetu anayeuza watu, na mateso hayasimuliwi. Weka pia karata ya X aliyoibuni John Stavropoulos: anayeigusa anakatisha tukio, na hadaiwi maelezo.

5. Chapisha

Nusu ukurasa, karatasi halisi, nakala moja kwa kila mtu. Ujumbe wa sauti wa dakika nane hakuna anayeumaliza. Ramani ichore kwa penseli: kisiwa, bara, Songo Mnara, mshale wa kwenda Sofala. Inkarnate, programu ya kuchora ramani mtandaoni, inatoa ramani nzuri mno, na ndiyo sababu siitumii hatua hii. Mchezaji akiona ramani iliyokamilika haongezi hata kijiji.

6. Acha nafasi

Mtepe unaitwaje? Deni lilitokana na nini? Wajibu wao.

7. Kanuni

Usizitaje. Wakiuliza, sema kete ni zilezile.

8. Chukua majibu

Muulize mmoja mmoja, maana kimya cha kundi si kukubali. Atakayesema hapana, usimbembeleze. Mpe karatasi na kalamu akate sentensi iliyomkatisha tamaa. Mezani kwetu iliyokatwa ilikuwa ya majini.